Mchicha Uliozidi Kimo cha Mtu

Mwanangu Mwanaidi,

Mwiko niliokurushia mchana sikukusudia ukupate. Ungekupata ningelia, na bado ningekurushia tena. Umeondoka umenuna kwenda Kinondoni kumuaga shangazi yako, mie nimebaki hapa Temeke na begi lako limekaa mlangoni, linanitazama. Nataka niwe nimemaliza kuandika kabla hujarudi. Uso kwa uso hatuwezi sie wawili. Nikipandisha nawe unapandisha, maana ukali wangu umeurithi wote, hukumwachia mtu.

Na usicheke mwandiko. Nimejifunza kuandika ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, na hata mwalimu mwenyewe alikuwa akizikimbia herufi zangu kubwa.

Sitakwambia uchemshe maji, wala ufue sare yako Jumamosi, wala usimfungulie mlango mwanamume usiyemjua. Hayo umeambiwa mpaka masikio yamekuota sugu. Nakuandikia kwa sababu ya neno moja. Nilikuuliza huko chuo cha kilimo wamekufundisha nini juu ya mchicha, ukanijibu, tena huku unatafuna, "Mama, mchicha ni mboga tu. Kwenye mazao ya chakula haumo."

Loh! Wewe kesho unapanda basi kwenda Kondoa kuwa bibi shamba wa kijiji kizima. Utapita kwenye mashamba ya watu, mwenyekiti mbele, mgambo nyuma, nawe katikati ukisema hili ni chakula, lile ni pori, hili libaki, lile lifyekwe. Watu wataachiwa au watafyekewa kwa kauli yako. Halafu mtu huyo huyo anakaa jikoni kwangu ananiambia ni mboga tu. Ndiyo maana mwiko uliruka.

Wewe unajua mdogo wako Tunu alikufa kwa surua. Ndivyo baba yako alivyokuandikia ulipokuwa shule ya bweni. Unajua taya la baba yako lilipinda kwa kuangukiwa na gunia bandarini. Unajua na mama yako aliwekwa rumande kwa kumjeruhi mgambo, hilo mtaa mzima ulihakikisha umelisikia. Surua ilikuwepo kweli. Gunia halikuwepo. Leo nakwambia ilivyokuwa, na ukimaliza kusoma utajua nataka nini kwako.

Ulikuwa mwaka wa njaa, mwaka wa unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada. Tulikuwa tunaupangia foleni tangu giza, tunasukumana kwa viwiko. Mwanamke mmoja aliwahi kunivuka, nikamng'ata mkono mpaka akapiga kelele, na unga nikaupata. Sioni haya kusema. Njaa inakutoa ubinadamu kidogo kidogo, na hujui imechukua kiasi gani mpaka uonje nyama ya mwenzio.

Tunu aliukataa unga ule. Alikuwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Anatia mdomoni, anautema. Miguu ikaanza kuvimba, nywele zikageuka rangi, zikawa nyepesi kama za mahindi. Kliniki wakasema kwashakoo, mpe maziwa, mpe mayai, mpe maharage. Nikamuuliza yule muuguzi, "Sista, hivyo vitu nikavitoe wapi, mfukoni kwako?" Masikini, naye alikuwa na njaa yake. Kilichonitia hofu zaidi ni kwamba Tunu aliacha kulia. Mtoto mdogo akikaa kimya siku nzima kwenye mkeka, mwanangu, ogopa.

Hapo ndipo nilipomkumbuka bibi yangu kule Newala. Yeye alikuwa na matuta ya mchicha ambayo mtu hagusi. Wa kula majani ulikuwa pembeni, wa katikati anauacha ukue mpaka utoe masuke mazito. Mbegu zake nyeupe, siyo hizi nyeusi za mchicha pori zinazokwaruza meno. Masuke yakianza kumwaga anayakata, anayaanika kwenye mkeka, anayasugua kwa viganja. Anapepeta kwa ungo polepole sana, maana mbegu ni ndogo na ukitia nguvu chakula chote kinaondoka na makapi. Kisha anaweka chungu kitupu motoni kishike joto, anatia kiganja kimoja cha mbegu, anafunika. Pa-pa-pa-pa! Zinapasuka kama bisi, ila ndogondogo. Anatwanga, anakoroga uji. Sie wajukuu tulikuzwa kwa uji ule miaka ambayo mtama uligoma, na sikumbuki hata mmoja wetu aliyevimba miguu.

Tulipohamia Dar niliuacha. Kwa nini? Aibu tu. Watu wa hapa walikuwa wanatucheka sie wa kusini kwa kila tunachotia mdomoni, ati tunakula panya, tunakula hiki na kile, mie sikutaka waniongezee na mbegu za mboga. Nilitaka nionekane mtu wa mjini. Nilikaa na chakula kichwani mwangu miaka yote, nikaona haya kukipika. Mpaka mtoto alipovimba ndipo nikamwagiza mtu aliyekuwa akitoka Newala, akaniletea mbegu kidogo kwenye kifundo cha kitambaa.

Nikazipanda bondeni Yombo, kwenye kile kishamba chetu.

Sasa sikiliza. Mji huu unakula mchicha kila siku iendayo kwa Mungu, lakini haujawahi kuuona umekua. Hapa mchicha unang'olewa mchanga, na mizizi yake, unafungwa mafungu, unapelekwa sokoni. Mtu anazaliwa Temeke, anakula mchicha maisha yake yote, anazikwa, na hajui kwamba ukiuacha unampita kimo. Wangu niliuacha. Ukapanda, ukampita baba yako, mashina manene kama kifundo cha mkono, majani membamba juu, na masuke yamesongamana kileleni. Mama Stella, jirani yetu yule wa bara, alikuwa na matuta yake pembeni. Akawa ananitania kila siku. "Mama Mwanaidi, mchicha wako umeota ndevu! Ung'oe umpe mbuzi."

Nikamjibu, "Yako macho." Sikumwambia. Mbegu zilikuwa chache, na nilimwona Tunu tu, sikumwona mtoto wa mtu mwingine. Tena nikaenda mbali zaidi, nikazungushia makuti ili wezi wasione. Hebu fikiri, nani anauzungushia mchicha makuti? Ningemwonyesha Mama Stella, akawaonyesha wenzie, siku ile mgambo walipokuja bondeni wangekuwepo wanawake wengi wa kusema tunakijua hiki. Nilibaki nakijua peke yangu, na neno la mtu mmoja halina uzito.

Masuke ya mwanzo yalipokauka nilivuna kidogo, nikakaanga, nikatwanga, nikapika. Tunu akanywa. Akalamba kikombe, akanishika kidole, akasema, "Uji." Wallahi, mwanangu, niliingia chumbani nikalia mpaka kanga ikalowa. Siku zile alikunywa kila asubuhi, na miguu ikaanza kunywea, mifupa ya vifundo ikaanza kuonekana tena. Yaliyobaki yote yalikuwa bado shambani, nasubiri yakauke vizuri.

Mtu mmoja, hata leo simjui, akaenda kwa balozi wa nyumba kumi akasema kule Yombo kuna watu wamelima bangi, wameizungushia makuti.

Walikuja asubuhi, jua limeshatoka. Baba yako alikuwa ametoka zamu, amekuja kunisaidia kukata. Tunu mgongoni kwangu. Mbele balozi, mtu mzima, anatembea kwa kusitasita. Nyuma yake mgambo, na mkubwa wao kijana mmoja waliyemwita Kamanda, rungu mkononi. Mwisho kabisa bwana shamba, kijana msafi, kalamu mfukoni. Walimchukua ili kuwe na mtaalamu.

Wakaangusha makuti kwa mateke. Kamanda akauliza, "Mzee, hii nini?"

"Mchicha, kijana wangu."

"Mchicha! Mie nimekula mchicha toka naota meno, leo unanifanya bwege?"

Baba yako akafungua mdomo aeleze. Rungu likamkuta mdomo uko wazi. Nilisikia mfupa ukivunjika, sauti yake siyo kubwa, kama unavunja kuni mbichi. Akaanguka juu ya tuta, damu ikamtoka na vipande vya meno, na bado mkono ameuinua anaelekeza kwenye masuke, hawezi kusema. Wakaupiga na mkono ule pia.

Nikapiga kelele. Nikachuma majani nikajaza mdomo, nikatafuna mabichi mbele yao. "Tafuneni na nyie! Tafuneni muone kama mtalewa!" Mmoja akanipiga kofi, majani yakanitoka pamoja na damu. Tunu mgongoni akaanza kulia, kilio cha nguvu, na mie, Mungu anisamehe, katikati ya yote yale nilifurahi kwamba ana nguvu ya kulia.

Balozi akaona aibu. Akasema, "Jamani, si tumekuja na mtaalamu? Tumwulize."

Bwana shamba akasogea. Sasa soma hapa polepole, mwanangu, hata kama umechoka. Akakata suke moja. Akalisugua kwenye kiganja, akapuliza makapi taratibu, kidogo kidogo, vile vile kama bibi yangu. Mtu asiyeijua mbegu ile hapulizi hivyo. Akazitazama zile mbegu nyeupe. Akatia chache mdomoni, akatafuna. Kisha akainua macho akamwona baba yako pale chini, taya limekwenda upande. Akamtazama Kamanda. Akajipangusa mkono kwenye suruali.

"Sina hakika," akasema. "Fanyeni mnavyoona."

Wakafyeka. Mapanga kulia na kushoto, mpaka tuta la mwisho. Wakarundika, wakamwagia mafuta ya taa, wakawasha. Majani mabichi yalitoa moshi tu, lakini masuke yalikuwa makavu, yalikuwa tayari. Mbegu zikaanza kupasuka. Pa-pa-pa-pa. Kamanda akaruka nyuma akidhani ni risasi, wenzie wakacheka. Na ile harufu, Mwanaidi. Harufu ya jikoni kwa bibi yangu ikajaa bonde zima. Tunu akanyamaza kulia. Akainua kichwa begani kwangu, akanusa, akasema, "Uji, mama."

Jembe lilikuwa miguuni kwangu. Sikumbuki kuliinua. Nakumbuka bega la Kamanda lilivyoachia, na mkono wake ulivyoning'inia kama wa mwanasesere, na alivyonitazama kama mtoto aliyeonewa. Nikaliinua tena, nilitaka kichwa. Balozi akaniwahi mtoto mgongoni, akamchomoa, na hapo wakanimaliza. Buti za mbavu, buti za tumbo. Lile jicho langu unaloniuliza kila siku kwa nini halioni vizuri jioni, ni buti. Nilipozinduka nilikuwa kituoni, nimelala kwenye sakafu, pembeni yangu wameweka shina moja la mchicha kama ushahidi.

Afande mmoja mzee akaja, akaliinua, akalinusa, akasema, "Wapumbavu nyie, bangi gani hii?" Kosa la bangi likafutwa hapo hapo. La kumvunja mgambo bega halikufutwa. Nikaenda rumande.

Tunu alibaki kwa Mama Stella, maana baba yako na lile taya alikuwa hajiwezi. Usimlaumu, alimlea kama wa kwake, alimgawia alichonacho, na alichonacho kilikuwa unga wa yanga. Surua ikapita mtaani. Watoto wengi iliwapita wakanyanyuka. Wangu ilimkuta ameanza kuvimba upya, hana cha kushikia. Walimzika mie niko nyuma ya nondo. Mama Stella alikuja kuniambia, akanionyesha tu mikono yake ina udongo. Niligonga kichwa kwenye ule ukuta mpaka mahabusu wenzangu wakanikalia.

Nilipotoka, yule bwana shamba alikuja nyumbani. Ndiyo, alikuja. Peke yake, mchana, na maharage kwenye mfuko. Baba yako yuko kwenye jamvi, ananyonya uji kwa mrija. Kijana akapiga magoti. "Mama, shikamoo. Mie nilijua ni mchicha."

Sikumwitikia. Nikamuuliza, "Ulijua?"

"Nilijua. Mama yangu mwenyewe alikuwa akiupika."

"Kwa nini hukusema?"

Akauweka ule mfuko wa maharage chini. Kisha akasema, na hili neno nimekaa nalo mpaka leo: "Mzee alikuwa ameshapigwa. Ningesema ni mchicha, wangekuwa wamemvunja mtu taya kwa sababu ya mboga. Nikaona bora iwe bangi."

Umeelewa? Hakuogopa rungu. Aliona haya kwa niaba ya wapigaji. Kosa lilikuwa limeshafanyika, akaona ukweli utaleta fedheha, akachagua kosa liendelee ili mambo yaende sawa. Ni kijana mzuri, ana adabu, anasalimia vizuri. Nikampa chai. Nasema kweli, nilimpa chai akanywa, akaondoka, nami nikakiosha kile kikombe nikakirudisha mahali pake.

Kamanda je? Unamjua. Yule muuza mkaa wa pale kona, mwenye mkono uliolegea, unayempitia kila siku unaniambia, "Mama, huyu mtu mpole." Ndiye. Aliondolewa kwenye mgambo kwa sababu ya bega. Aliniambia siku moja, bila kuzunguka, "Mama, mie sikujua. Nilidhani mnanifanya mjinga." Na alikuwa hajui kweli. Ni mkatili na alikuwa mjinga, lakini alifanya alichoamini, na anakibeba begani. Ananipa shikamoo, nami nampa marahaba. Simpendi. Lakini nimemaliza naye.

Utadhani sasa nitakufungia mbegu kwenye kifundo uende nazo. Sina. Ziliungua zote, na aliyeniletea amekufa. Sijalima tena, na baba yako nikipika mchicha wa kawaida anaondoka mezani. Ukizitaka kazitafute huko huko. Zitakuwa kwa kibibi fulani nyuma ya nyumba, anazificha kwa aibu kama nilivyoficha mie, na atakwambia ni pori tu, mwanangu, achana nalo. Usiachane nalo. Kaa chini, mwombe akupikie, ule. Kisha kalisemee kwa watu wengine, kwa sauti, wengi walijue. Na ukiona mmea hujui ni nini, sema sijui, hilo halijamuua mtu. Kalamu yako isikudanganye kwamba kisichokuwemo kwenye kitabu cha chuo hakiliwi.

Lakini hilo siyo kubwa. Kubwa ni siku utakayojua. Itakuja, usidhani Kondoa hakuna Kamanda. Watakuwa wameshamwangusha mtu, damu imeshamwagika, watageuka wakuulize wewe mtaalamu. Kusema ukweli saa hiyo kutawafanya wakubwa wako waonekane wauaji mbele ya kijiji kizima. Watakuchukia. Watakuhamisha, pengine watakupiga na wewe. Sema. Sikupi radhi zangu kwa ajili ya cheti, wala kwa ajili ya mshahara utakaonitumia. Nakupa kwa ajili ya dakika hiyo moja.

Mie nimekaa miaka hii yote nikilifikiri lile jembe. Wanawake wenzangu hudhani najuta kumpiga mtu. Sijuti kupiga. Najuta kwamba nilikosea mtu. Aliyekuwa anastahili jembe alikuwa amesimama pembeni, anajipangusa mkono kwenye suruali, nami nikaja kumtilia sukari kwenye chai.

Basi nenda, mwanangu, Mungu akutangulie, nakupenda kuliko macho yangu yote mawili, lile zima na lile bovu. Lakini ukijua ukanyamaza, na mama wa mtu akakuinulia jembe, mie sitakuja kukutetea. Nitakuja kumwambia yule mama kwamba yeye hakukosea mtu.

Mama yako,
Bi Asumini